Koti la Mwalimu Maganga

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, Nasra mwanangu, ni ile niliyocheka mahali ambapo sikupaswa kucheka. Miaka mingi nimekaa nayo kifuani bila kuisimulia. Ningeendelea kukaa nayo, maana nimeshazoea, lakini Jumapili ulikuja hapa kwangu Yombo, ukaniamkia vizuri, ukakaa kwenye lile kochi bovu, ukanionyesha kwenye simu orodha ya masomo unayotaka kuchukua chuoni. Kisha ukasema, "Mjomba, mie nataka sayansi kwa upana wake tu. Hayo ya ualimu nitayachukua baadaye nikikosa kazi."

Nilikujibu kwamba nitaiangalia orodha nikipata nafasi. Uliniona nimebadilika uso ukauliza kama presha imepanda. Haikuwa presha. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe kabla hujazaliwa, karibu neno kwa neno, na niliyasema nikiwa na furaha kama uliyokuwa nayo wewe. Basi nimeamua kukuandikia. Kusema kwa mdomo nitashindwa, na utajua kwa nini ukifika mwisho.

Kwetu Buguruni alikuwa akija mtu mmoja, Mwalimu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Alifundisha Fizikia katika shule moja ya sekondari njia ya Pugu. Alinifundisha mimi, na baadaye akamfundisha mama yako Mwajuma, mdogo wangu niliyempita miaka saba. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hilo unalijua, ila kizazi chenu mnaudhani utani ni vichekesho vya kurushiana kwenye simu. Kwetu ulikuwa ruhusa kubwa. Mtani angeweza kukwambia jambo lolote, mahali popote, hata msibani, na huna haki ya kukasirika. Mwalimu Maganga aliitumia ruhusa hiyo mpaka mwisho. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "Mzaramo", nami nilimwita "mla michembe", vile viazi vitamu vikavu vya kwao, na baba alikuwa akitusikiliza huku akitikisa kichwa.

Nilipochaguliwa kwenda chuo kusoma sayansi, alifurahi kuliko watu wa nyumbani. Yeye alikuwa na stashahada ya ualimu. Shahada aliitamani tu, haikumfikia. Alikwenda chuoni mwenyewe akaomba kijitabu cha taratibu za masomo, akakisoma juma zima na kalamu nyekundu mkononi, kana kwamba ndiye anayekwenda kusoma. Ijumaa moja baada ya swala akaja nyumbani na karatasi ya manila ameikunja kwapani. Akaitandaza juu ya mkeka, akaibana pembe zake kwa vikombe vyetu vya chai.

Ilikuwa ni ramani ya miaka yangu mitatu. Mwaka wa kwanza aliniwekea upana: Fizikia, Hesabu, Kemia na kipande cha Baiolojia. "Maabara ya shule ina mwalimu mmoja," alisema, "na huyo mmoja anaulizwa yote." Mwaka wa pili upana ukapunguzwa, yakabaki masomo mawili ya kufundishia, Fizikia na Hesabu, yakaenda sambamba mpaka mwisho. Pembeni, kutoka juu hadi chini, alipiga mstari mwekundu wa masomo ya elimu: saikolojia ya mwanafunzi, mbinu za kufundishia, namna ya kutunga na kusahihisha mitihani. Mwisho wa mwaka wa pili alichora kisanduku akaandika: Mazoezi ya kufundisha, kwangu. Chini kabisa kilikuwako kisanduku kimoja peke yake, kimeandikwa neno moja: Anakuja.

"Haya, Mzaramo," akasema. "Nimekuchorea njia, maana nyie msipochorewa mnaishia ngomani."

"Na wewe kuchora umejifunza lini, mla michembe?" nikamjibu. "Si mlikuja pwani mmebeba mizigo kichwani?"

"Ndiyo, na mzigo wangu wa leo ni wewe. Ukiuacha huu mstari mwekundu nakuja hapa kuchukua kuku wote wa mama yako, na huyu Mwajuma namnyima Fizikia."

Tulicheka nyumba nzima. Mama akamwambia amchukue na jogoo, kelele zimemchosha. Mama yako peke yake hakucheka. Alikuwa darasa la saba wakati huo, na alikuwa amepiga magoti anaisoma ile manila. Tangu siku aliyomsindikiza mama hospitali kupigwa picha ya kifua, alikuwa akisema yeye atakuwa mtu wa eksirei. Alimuuliza Mwalimu Maganga kwa nini ile miale inapita nyamani na kukwama mfupani. Mzee akamwambia atamjibu akifika kidato cha tatu, kwa sababu jibu lenyewe linahitaji mahali pa kulikalisha. Akamwambia pia, huku akinionyesha kidole, "Nisipokujibu mie, atakujibu kaka yako."

Mwaka wa kwanza niliufuata mstari. Nakwambia ukweli, niliupenda hata. Kulikuwa na mama mmoja aliyetufundisha saikolojia ya mwanafunzi, na alituuliza siku ya kwanza, "Nani kati yenu anakumbuka jambo alilolielewa kwa kuchelewa, na ni nani aliyemsubiri?" Nilimkumbuka Mwalimu Maganga. Ningekuwa na akili, ningebaki na kumbukumbu hiyo.

Chumbani nilikaa na kijana wa Kinondoni, Denis, mtoto wa watu wenye nafasi, mcheshi, mkarimu wa vitu vyake. Wanafunzi wa ualimu chuoni walikuwa na jina lao, "watu wa chaki", na lilitamkwa kwa namna ambayo usingependa utamkiwe wewe. Denis aliniona nimeshika daftari la mbinu za kufundishia akacheka mpaka akakaa chini.

"Braza, sayansi yote hiyo uje uwe ticha? Si ungebaki tu Buguruni?" Kisha akaniambia kwa upole, kama anayenisaidia: "Sikia. Hayo ya elimu kuna diploma ya mwaka mmoja, utayachukua baadaye ukikosa kazi. Saa hizi chukua masomo yanayobeba GPA. Utatoka na shahada pana, mlango wowote unapita."

Usidhani Denis alinishika mkono nikaandika. Mkono ulikuwa wangu. Nilitaka kuwa mtu wa kupita mlango wowote, na sikutaka kuonekana na chaki.

Sasa nafika kwenye ile siku. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa likizo, na kesho yake narudi chuo kujiandikisha mwaka wa pili. Mwalimu Maganga alikuja kuniaga, akanisindikiza mpaka barabarani pale Buguruni. Watu wengi, wauza machungwa, makelele ya makondakta. Akasimama. Akaniita Shabani. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake tangu nimjue.

"Shabani," alisema, "mwaka wa pili ndio watu wanaachaga. Mie nastaafu mwaka utakaomaliza wewe. Sijaomba mwalimu mwingine. Nimemwambia mkuu wa shule asihangaike, nina mtu wangu anakuja. Ukiuacha ule mstari, wale watoto hawana mtu. Na Mwajuma yumo."

Nilisubiri mzaha. Kwa mtani, mwanangu, mzaha huja mwisho wa sentensi, na mimi nilisimama pale nikiusubiri na tabasamu nimeshaliandaa. Haukuja. Nami badala ya kuelewa nikacheka, tena kwa sauti, nikamwambia, "Mzee, kuku wenyewe wameisha, utachukua nini?"

Hakucheka. Aliangalia viatu vyake, akanipa mkono, akavuka barabara. Nilijiambia Mnyamwezi amezeeka, utani umemshinda.

Siku tatu baadaye nilijaza fomu ya kubadili masomo. Nilifuta masomo yote ya elimu. Nilipunguza Fizikia, kwa kuwa ilikuwa ngumu, nikaiacha Hesabu nusu njia, nikajaza jiolojia kidogo, mimea kidogo, takwimu kidogo, na somo moja la mazingira ambalo lilisifiwa kwa mitihani yake kujirudia. Kule idarani mhadhiri mmoja mzee aliisoma fomu yangu akauliza, "Hii inakupeleka wapi?" Nikasema nataka upana, hayo ya ualimu nitayachukua baadaye nikikosa kazi. Akaniangalia kidogo, akagonga muhuri.

Nyumbani sikusema. Mwisho wa mwaka wa pili, wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, Mwalimu Maganga alituma salamu kwamba ameniandalia kidato cha pili, vipindi vitano kwa wiki. Nilimtumia jibu kwamba chuo kimenipangia Morogoro. Miezi ile miwili nilikuwa Kinondoni sebuleni kwa akina Denis, tunaangalia mikanda ya video na kucheza karata. Kutoka pale mpaka njia ya Pugu ni mabasi mawili. Nilirudi nyumbani na hadithi za Morogoro, milima yake na baridi yake, na mama yako alizisikiliza zote akiwa ameshika kidevu.

Nikamaliza. Shahada yangu ilikuwa pana kweli. Ilikuwa pana kama kanga iliyotandazwa: ukiinyanyua huoni kitu chini yake. Kila ofisi niliyoingia waliniuliza nimebobea wapi, nami nilianza kueleza, na kabla sijafika katikati ya maelezo walikuwa wameshanirudishia karatasi zangu. Ile diploma ya mwaka mmoja iliyokuwa ikinisubiri baadaye sikuiona. Baba aliugua mwaka ule, na baadaye yenyewe haikupata nafasi.

Mwalimu Maganga akastaafu. Mkuu wa shule, mama mmoja wa Kichaga mkavu wa maneno, akaniita kama walivyokubaliana. Alizisoma karatasi zangu mara mbili. "Mwalimu Maganga aliniambia wewe ni mwalimu," alisema. "Hapa sioni mwalimu. Hata somo moja la kufundishia halijatimia." Nilimwomba anijaribu. Kwa sababu hakuwa na mtu mwingine, akanipa juma moja, kidato cha tatu B.

Mwanangu, sijawahi kuaibika hadharani kama juma lile, na hakuna aliyeniaibisha. Niliingia darasani nikageukia ubao, nikaandika. Niliandika nilivyoandikiwa chuoni, hesabu ndefu zisizo na mwanzo, nikiwapa mgongo watoto arobaini kwa sababu niliogopa nyuso zao. Mmoja akauliza swali, nikalirudia jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Sikujua kwamba kujua kitu na kumfanya mwingine akijue ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili nilikuwa nimeifuta kwa kalamu yangu. Kuna mwanafunzi mmoja tu aliyekuwa akinakili kila kitu na kuitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alikuwa mama yako. Hakuwa ameelewa hata mstari mmoja. Alikuwa akinisitiri.

Siku ya Alhamisi aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, hakuniita kaka, "ile miale inapitaje nyamani halafu inakwama mfupani?" Aliniuliza swali alilokuwa na hakika nitaliweza, anipe nafasi ya kusimama vizuri mbele ya wenzake. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesoma kitu kuhusu hilo mwaka wa kwanza, nikakiacha mwaka wa pili. Nikasema tutalifikia baadaye.

Ijumaa mkuu wa shule alinishukuru, akaniambia basi. Muhula ule Fizikia ilifutwa kwenye ratiba ya kidato cha tatu, na darasa lote likahamishiwa masomo ya sanaa. Huwezi kwenda kusomea eksirei bila Fizikia. Mama yako alikuwa na miaka kumi na sita.

Nyumbani niliulizwa imekuwaje, nikasema chuo kimekosea vyeti vyangu, kimenikatalia ualimu. Uongo ule ulinitoka bila shida yoyote, na wote wakauamini. Nilipomwambia Mwalimu Maganga kwake Gongo la Mboto, aliinuka kitini na magoti yake mabovu, akaenda kuvaa koti lake la kijivu, lile la sherehe, akasema anakwenda chuoni leo hii kunitetea. "Chuo hakina haki," alisema. "Nimekifuata kitabu chao mstari kwa mstari. Watanieleza." Nilimshika mkono, nikamwambia nimeshakata rufaa, asubiri. Mkewe akamvua koti. Tangu hapo kila nilipomtembelea aliniuliza rufaa imefikia wapi, nami nilimjibu. Kisha nikapunguza kumtembelea.

Alifariki miaka minne baadaye. Mama yako alikuwa ameshaanza kujifunza ushonaji; mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, nahesabu ndoo.

Siku ya kuanua tanga, watani tukaitwa. Huenda hujawahi kuuona utani wa msibani ulivyo. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, huwatukana waliobaki kwa niaba yake, na wafiwa hucheka hata kama macho yamevimba. Ndiyo dawa yenyewe. Wazaramo pale tulikuwa wachache, na mimi ndiye niliyemjua zaidi, basi nikasukumwa mbele. Mjane akatoa lile koti la kijivu. Nikalivaa. Nikaweka kipande cha chaki sikioni, nikaenda kwa kuchechemea, nikawatazama waliokaa mkekani nikapaza sauti: "Nyie Wazaramo! Msipochorewa mnaishia ngomani!"

Walicheka sana. Hata mjane kule ndani nilimsikia. Nikanogewa. Nikatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti, nikasema, "Hebu tuone Mnyamwezi katuficha nini humu." Nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

Ilikuwa nakala ya ile manila, ameinakili kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Kila somo la mwaka wa kwanza lilikuwa na alama ya vema. Kila somo la mwaka wa pili lilikuwa na alama ya vema. Kwenye kisanduku cha mazoezi ya kufundisha alikuwa amekata neno "kwangu" akaandika juu yake "Morogoro", kisha akaweka vema. Mwaka wa tatu, vema mpaka chini. Miaka yote ile alikuwa akikaa kwake anahesabu nilipofika. Nyuma ya karatasi aliandika maswali ya kuwauliza chuoni siku atakayokwenda kunitetea, yamepangwa moja mpaka sita. Kisanduku cha mwisho, kile cha Anakuja, kilikuwa kitupu.

Nililia. Nililia kwa sauti, pale pale, nimevaa koti la mtu. Nikapiga magoti nikasema, "Nilimdanganya! Chuo hakikunikatalia! Mie ndiye niliyeacha, mie mwenyewe, nilifuta kwa mkono wangu! Sikwenda Morogoro!"

Na watu wakacheka, Nasra. Walicheka mpaka wengine wakapiga makofi. Mzee mmoja alisema, "Huyu mtani anajua kazi!" Walidhani bado naigiza. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kushangilia, na sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana mimi ndiye niliyemfanyia mwenzao vivyo hivyo pale barabarani Buguruni. Niliangalia upande wa wanawake. Mmoja tu hakucheka.

Tulirudi pamoja. Tulipofika mlangoni alinishika mkono wa shati, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, kumbe ulichagua?"

Nikamjibu, "Aa, ule ulikuwa utani tu, dada."

Akaitikia haya, akaingia ndani. Hajaniuliza tena mpaka leo. Ameshona sare za shule kwa zaidi ya miaka ishirini, ameolewa, amekuzaa, amekusomesha, na hajaniuliza tena. Mashine yake nikiisikia natafuta sababu ya kuondoka.

Sasa orodha yako. Nimeisoma. Ni nzuri na ni pana, na ni ile ile yangu, imebadilishwa majina tu. Upana si kosa, usinielewe vibaya. Mwaka wa kwanza onja vingi, hata Kemia unayoiogopa, kwa kuwa ukisimama mbele ya watoto hawatakuuliza kwa mipaka ya somo lako. Ila lazima kuwe na masomo mawili utakayokwenda nayo hadi mwisho bila kuyaonea uvivu. Panga kuanzia mwaka wa mwisho ukirudi nyuma: jiulize siku ya kumaliza utaruhusiwa kufanya nini, na nani atakubali kukupokea, kisha ndipo uchague la mwaka wa kwanza. Kijitabu cha taratibu kisome mwenyewe. Maneno ya korido yana raha yake, lakini hayatakuwepo siku ya usaili. Usichague somo kwa sababu mitihani yake inajirudia; nimebeba maksi hizo maisha yangu yote na sijaona mahali pa kuzishusha.

Na mstari mwekundu usiuweke kwa ajili ya baadaye. Kama ualimu unautaka, uanze nao siku ya kwanza, uende mazoezi ya kufundisha, utetemeke mbele ya watoto ukiwa bado una mtu wa kukurekebisha. Mimi nilitetemeka nikiwa sina.

Kama huutaka, basi ukatae. Nisikilize hapa vizuri kuliko kote. Kukataa ualimu si dhambi, na Mwalimu Maganga asingekufa kwa hilo. Angenuna, angenitukana, angekwenda kumwomba mkuu wa shule atafute mtu mwingine mapema, na kidato cha tatu B wangekuwa na mwalimu. Kosa langu ni kwamba niliwaacha watu wakinisubiri huku nikijua siji. Mama yako ameshawaambia wateja wake wote kwamba mwanawe anakwenda kusomea ualimu wa Fizikia. Ukibadili, mwambie yeye kwanza, uso kwa uso, kabla hujagusa hiyo fomu. Usimwachie agundue kwenye mfuko wa koti.

Na mtu aliyezoea kukutania siku moja akikuita kwa jina lako, nyamaza, usikilize.

Mungu akufungulie akili yako, akupe moyo wa kusema ndiyo yako na hapana yako mapema. Akujaalie wanafunzi wanaouliza, na jibu lisikupotee mdomoni. Akulinde na aibu inayochekewa. Mimi mjomba wako nimekuridhia, njia yoyote utakayoishika, ilimradi uishike waziwazi.

Ukimaliza kusoma, mpe mama yako karatasi hizi. Mwambie kaka yake amejibu. Mwambie haukuwa utani. Nilichagua.